Nyundo Isiyoruka, na Namna ya Kuichagua

Wahenga walisema, "Mchagua jembe si mkulima." Methali hii ilitungwa kumkemea mvivu, yule anayepindua majembe asubuhi nzima, hata jua likawa kali naye hajalima tuta moja. Lakini wengi wetu tumeigeuza kuwa udhuru wa kununua chombo chochote kinachowekwa mbele yetu. Twasema nyundo ni nyundo, mradi ina kichwa na mpini. Mimi mwenyewe nilisema hivyo kwa miaka mingi, mpaka siku moja nyundo iliponifundisha kwa damu na kwa fedha.

Siku hiyo nilikuwa likizoni nyumbani kwa kaka yangu. Mashine yake ya kukatia majani ya ng'ombe ilikuwa ikipiga kelele, na beringi moja ya shafti yake ilikuwa imekwisha. Tukanunua beringi mpya. Kwa kuwa mimi ni mtu wa ofisi ya kilimo, kaka alidhani ya kuwa kazi hiyo naijua, nami sikumkanusha. Nikashika nyundo ya chuma, ile ya kupigilia misumari, nikaigonga beringi ili iingie kwenye shafti. Ikagoma. Nikagonga kwa nguvu zaidi. Nyundo ikaruka na kwenda upande, na chembe ya chuma, ndogo kama punje ya ulezi, ikachomoka na kunipasua nyusi. Ingaliingia chini kidogo, leo ningekuwa naandika makala haya kwa jicho moja. Beringi yenyewe iliingia, lakini baada ya siku nne ilianza kunguruma kama ile ya kwanza. Ikabidi kutafuta nyingine, na siku zote hizo kaka yangu na watoto wake walikata majani kwa panga, ng'ombe wawili wa maziwa wakingoja.

Basi, msomaji, makala haya ni juu ya nyundo ambayo ingalituokoa na hasara hiyo. Si chombo cha matajiri, wala si cha viwanda vikubwa tu. Yafaa kila mwenye mashine ndogo shambani, kila mfuga nyuki, na kila mwenye kutengeneza vitu vya mbao nyumbani aijue.

NILIPOIONA KWA MARA YA KWANZA

Niliiona Makina, katika Kibera ya Nairobi. Makina ni mojawapo ya vijiji vya kale vya Kibera, mahali walipokaa Wanubi, askari wa jeshi la King's African Rifles pamoja na jamaa zao, tangu mwanzo wa karne ya 20. Hata jina la Kibera latokana na neno la Kinubi, kibra, maana yake msitu. Msitu huo haupo tena. Leo mahali hapo pana msikiti, maduka, soko, na mafundi wengi wa mbao na wa chuma wanaofanya kazi kando ya njia. Mkulima anayekuja Nairobi kutazama maonyesho ya kilimo katika uwanja wa Jamhuri huwa yuko karibu sana na Makina, ingawa wengi hurudi makwao bila kujua.

Nilikwenda kwa mzee mmoja, fundi seremala, kuagiza mizinga ya nyuki. Nilimkuta akiunganisha pembe za sanduku la mzinga kwa nyundo nene ya rangi ya machungwa. Kilichonishangaza ni sauti yake. Haikulia ngo, ngo, kama nyundo nyingine. Ililia pu! kisha kimya. Tena ubao mlaini wa msonobari haukuwa na alama hata moja.

"Shikamoo, mzee. Hiyo ni nyundo gani?" nikamwuliza.

"Marahaba, mwalimu," akajibu, maana ajua ya kuwa nilisomea ualimu kabla ya kuandikwa kazi ofisini. "Hii hairuki. Ishike mwenyewe, uitikise."

Nikaitikisa. Ndani yake nikasikia mchakacho kama wa kayamba. Mzee akacheka, akaniambia niigonge juu ya kipande cha reli alichokitumia kama fuawe. Nikagonga, nikingoja mkono urushwe juu. Haukurushwa. Nyundo ilikaa palepale ilipotua, kama paka aliyelala. Nikakumbuka nyusi yangu.

Dukani nyundo hii hujulikana kwa jina lake la Kiingereza, nawe ukimwuliza mwenye duka "dedi blo" atakuelewa. Katika makala haya tutaiita nyundo isiyoruka.

KWA NINI NYUNDO HURUKA

Chukua mpira wa watoto, uangushe sakafuni. Utaruka. Kisha chukua gunia lenye maharagwe nusu, uliangushe palepale. Litatua na kutulia. Vyote viwili vimeanguka, lakini kimoja kimerudi na kingine kimekaa. Kwa nini?

Mpira ulipogusa sakafu ulibonyea kidogo, kisha ukajikunjua kwa ghafula na kujisukuma juu. Maharagwe hayakuweza kufanya hivyo. Yalipofika chini, kila punje ilisukumana na kusuguana na jirani yake, na ile nguvu ya kuruka ikaishia katika kusuguana huko.

Nyundo ya chuma ikigonga chuma ni kama mpira ule, ijapokuwa jicho halioni ikibonyea. Pigo lake ni la muda mfupi mno, tena kali mno. Kwa msumari hilo ni jema, kwa sababu msumari una mahali pa kwenda: unaingia ndani ya mbao. Lakini juu ya kitu kigumu kisichotaka kusogea, pigo kali la ghafula huacha kovu, au hupasua, au huchomoa chembe. Nyundo nayo hurudi, ikatikisa kiwiko cha fundi, na mara nyingine hudunda na kuanguka tena mahali asipopakusudia.

Nyundo isiyoruka ni gunia la maharagwe lililotiwa mpini. Kichwa chake kina uwazi ndani, na katika uwazi huo mna chembe nyingi za chuma, au katika nyundo nyingine za risasi. Uwazi haujazwa pomoni, ili chembe zipate nafasi ya kwenda na kurudi. Kichwa kinapogonga kitu na kutaka kuruka, chembe zile bado zinakwenda mbele. Zinafika nyuma ya uso wa nyundo kitambo kidogo baadaye, zikaukandamiza usirudi. Hivyo pigo huwa refu kidogo na pole kidogo. Linasukuma, halichomi. Tena nje ya kichwa kumefunikwa kwa plastiki ngumu yenye unyumbufu, nayo haiachi alama kama chuma.

Ukilielewa jambo hili moja, umeelewa nyundo yote: ni ya kusukuma kitu mahali pake bila kukijeruhi.

KAZI ZAKE NYUMBANI NA SHAMBANI

Kazi ya kwanza ni mizinga ya nyuki. Wafugaji wengi wa Kenya hutumia mzinga wa Langstroth, ulioitwa kwa jina la Lorenzo Langstroth wa Marekani, aliyepata hataza yake mwaka 1852. Siri ya mzinga huo ni nafasi inayoachwa baina ya fremu na kuta, kama milimita 6 hadi 9. Ikiwa ndogo kuliko hapo, nyuki huiziba kwa gundi yao. Ikiwa kubwa, hujenga masega ndani yake, na siku ya kurina fremu hazitoki bila kuvunjika. Sasa, sanduku ambalo pembe zake hazikukaa sawasawa huharibu nafasi hiyo. Ukizigonga pembe kwa chuma, meno ya mbao hupasuka; ukizigonga kwa woga, hubaki wazi. Nyundo isiyoruka huzifikisha mwisho bila kuzipasua.

Kazi ya pili ni samani na milango: kuingiza ulimi wa kiti ndani ya tundu lake lililopakwa gundi, au kukitenganisha kiti cha zamani ili kitengenezwe. Kiungo hiki hutaka kusukumwa kwa mapigo machache yaliyotulia. Nyundo inayodunda huhamisha ubao kila ikirudi, nawe hujui kama kiungo kimefika mwisho au kimerudi nyuma.

Kazi ya tatu ni mashine, nayo ndiyo iliyonishinda mimi. Puli, magurudumu ya mkokoteni, vifuniko vya pampu ya maji, na beringi za mashine ya kukatia majani au ya kusaga unga, vyote huhitaji kugongwa mara kwa mara vinapotolewa na kurudishwa. Lakini juu ya beringi kuna kanuni ambayo hata nyundo njema haiwezi kuiondoa. Beringi ina pete mbili, ya ndani na ya nje, na gololi katikati. Isukume kwa pete ile inayobana. Ikiwa inaingia juu ya shafti kwa kubana, sukuma pete ya ndani. Ikiwa inaingia ndani ya nyumba yake kwa kubana, sukuma pete ya nje. Ukiigonga pete isiyohusika, nguvu yote hupita katika gololi na kuzichimbia vishimo katika njia yake. Vishimo hivyo huvioni, lakini utavisikia vikinguruma baada ya siku chache, kama nilivyovisikia mimi.

Namna iliyo bora ni hii. Zima mashine, ondoa mkanda au uchomoe waya wa umeme, ili isije ikazunguka. Safisha shafti na uipake mafuta kidogo. Tafuta kipande cha bomba ambacho mdomo wake unaikalia pete ya ndani peke yake, ukisimamishe juu ya beringi, kisha uligonge bomba kwa nyundo isiyoruka, pole pole na katikati. Beringi ikiingia upande, simama, uinyooshe, ndipo uendelee. Kwa beringi kubwa zinazobana sana, nyundo si dawa. Mpelekee fundi mwenye mashine ya kugandamiza.

Kazi ya nne ni kunyoosha bati lililobonyea, kama la toroli au la tangi, kwa kuligonga pole pole huku umeshikilia ubao upande wa pili.

KAZI ZISIZO ZAKE

Usipigilie misumari kwa nyundo hii. Kichwa cha msumari kitaitoboa, na chembe zitamwagika. Usiigonge juu ya ncha kali wala makali ya chuma. Usiitumie juu ya chuma kilichotoka motoni, kwa maana plastiki huyeyuka. Tena usiifanye nyundo ya kuvunjia mawe. Kwa kazi hizo zote, nyundo ya chuma ndiyo mwenyewe.

Watu huuliza kama nyundo ya mpira haitoshi. Kwa kazi nyingine inatosha: kutandaza vigae, kugonga vigingi vya hema, kufunga kifuniko cha debe la rangi. Lakini mpira hudunda kuliko hata chuma, na mpira mweusi huacha madoa juu ya mbao nyeupe. Nyundo ya mbao ya seremala ni rafiki mwema wa patasi, nayo haifai kuachwa. Ila ni nyepesi kwa mashine. Nyundo ya shaba nayo ni laini kuliko chuma, na mafundi wa mitambo huitumia sana, lakini ni nzito na bei yake ni kubwa. Kila moja ina zamu yake.

JINSI YA KUICHAGUA DUKANI

Katika Nairobi utaikuta kwenye maduka ya vyuma na ya vipuri, kama yale ya mtaa wa Kirinyaga Road, na katika miji mingine uliza kwa wauzaji wa vyombo vya mekanika. Uliza bei katika maduka mawili matatu kabla ya kutoa fedha. Lakini kabla ya bei, fanya majaribio haya. Mwenye duka mwungwana hatakukataza.

Kwanza, itikise karibu na sikio. Lazima usikie chembe zikitembea. Kuna nyundo zinazofanana nayo kwa rangi na kwa umbo, lakini ndani ni plastiki tupu. Hizo hudunda kama nyingine. Nyundo isiyosema kitu ukiitikisa, irudishe mezani.

Pili, iangushe. Shika ncha ya mpini kwa vidole viwili, uinue kichwa kiasi cha shubiri moja juu ya sakafu ya saruji, kisha ukiachie kichwa kianguke kwa uso wake. Nyundo njema itatua na kukaa. Ikidunda mara mbili tatu, si yake. Ukitaka kuona tofauti waziwazi, iangushe nyundo ya mpira kando yake.

Tatu, itazame ngozi yake. Nyundo nyingi za namna hii zimefunikwa kichwa na mpini kwa plastiki moja isiyokatika, na katikati ya mpini mna fimbo ya chuma. Hizo ni imara, kwa sababu kichwa hakiwezi kuchomoka na kumpiga mtu. Tafuta nyufa, hasa pale shingoni ambapo mpini unakutana na kichwa. Tazama pia kama kuna mshono uliofunguka au tundu dogo. Ukiikunja kwa mikono miwili isilegee wala isilie.

Nne, tazama nyuso mbili za kugongea. Ziwe tambarare, laini, zisizo na mashimo. Nyundo nyingine zina nyuso zinazofunguliwa kwa parafujo, ili zibadilishwe zikichakaa. Hizo ni nzuri kwa fundi wa kila siku, lakini kabla ya kununua hakikisha ya kuwa duka lina nyuso za akiba. Kama hazipo, faida hiyo ni ya maneno tu.

Tano, pima mkono wako. Ishike kama unayefanya kazi, uitikise juu na chini mara ishirini. Ikiwa kiwiko kimechoka hapo dukani, kitachoka zaidi shambani. Mpini usiteleze ukiwa na jasho au mafuta.

Sita, soma uzito wake. Mara nyingi umeandikwa kwa ratili au kwa aunzi, na ratili moja ni kama gramu 450. Kwa mizinga, viti na kazi za mbao, chagua ya ratili moja hadi mbili. Kwa puli na beringi za mashine ndogo, ya ratili mbili hadi tatu yafaa. Zaidi ya hapo ni kazi ya gereji. Kama fedha zatosha nyundo moja tu, nunua ya ratili mbili, kwa kuwa itafanya kazi zote za nyumbani kwa wastani.

Ukinunua iliyokwisha tumika, kama unavyoweza kuipata katika masoko ya mitumba, fanya majaribio yale yale, tena kwa ukali zaidi. Plastiki iliyokaa juani kwa muda mrefu huwa ngumu na kupasuka. Ibonyeze kwa ukucha wa kidole gumba. Ikimeguka kama gamba, iache, hata ikiwa ni ya bei ya chini.

KAMA HUNA FEDHA ZA KUNUNUA

Seremala mzuri aweza kukutengenezea ya mbao. Mzee wa Makina anayo moja aliyoitengeneza mwenyewe kabla ya kununua ile ya dukani, na mpaka leo yafanya kazi.

Chukua gogo la mti mgumu uliokauka, kama mzeituni mwitu, lenye urefu wa kama sentimita 14 na upana wa sentimita 8. Toboa tundu la mpini kwanza, katikati, kutoka juu hadi chini. Kisha, kutoka kila uso wa kugongea, toboa tundu kuelekea katikati, lakini lisifike kwenye tundu la mpini. Tundu lazima lielekee upande wa kugonga, kwa maana chembe zinatakiwa kukimbia mbele na nyuma. Likitobolewa kwa kukingama halina faida. Tia ndani gololi ndogo za chuma kutoka beringi zilizokufa, ujaze kiasi cha theluthi mbili, si zaidi. Ziba kwa kizibo kinene cha mti ule ule, chenye unene wa sentimita 2 au zaidi, kwa gundi nzuri. Bandika ngozi juu ya nyuso zote mbili. Tia mpini ambao nyuzi zake zaenda kwa urefu, uukaze kwa kabari.

Fundi wa chuma aweza kuitengeneza kwa kipande cha bomba. Lakini mkumbushe jambo moja: mpini uchomelewe bomba likiwa wazi pande zote mbili. Bomba lililozibwa likitiwa moto, hewa na mvuke ndani yake hutanuka na kuweza kulipasua kama bomu.

Hapa, msomaji, nakuonya kwa nguvu zangu zote. Kuna watu watakaokushauri kujaza nyundo kwa risasi iliyoyeyushwa kutoka betri za magari, kwa kuwa ni nzito na hupatikana bure. Usifanye hivyo. Moshi na vumbi la risasi ni sumu inayoingia mwilini kimya kimya, nayo huwadhuru watoto kuliko watu wazima. Huchelewesha akili zao, na Shirika la Afya Duniani limesema ya kuwa hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Hatuna haja ya kutafuta mfano mbali. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, watu waliumia kwa risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kilichokuwa jirani nao. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na shauri likaendelea katika mahakama za juu. Lakini hakuna fidia iwezayo kumrudishia mtoto alichopoteza. Gololi za chuma zatosha kabisa.

Kwa sababu hiyo hiyo, unaponunua nyundo ya dukani, uliza kama chembe zake ni za chuma. Ikiwa hujui, na siku moja ikapasuka, usiwaache watoto wachezee chembe zake. Zikusanye kwa kitambaa chenye maji, uzitie ndani ya kopo lenye kifuniko, unawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

KUITUNZA

Nyundo hii haina haja nyingi. Ifute mafuta baada ya kazi. Usiilaze ndani ya petroli wala usiioshe kwa maji ya kuchanganyia rangi, kwa sababu huila plastiki. Itundike ndani, mbali na jua. Kila mwezi itazame shingo yake. Ikianza kuvuja chembe, imekwisha. Usiizibe kwa gundi na kuendelea, kwa maana imepoteza uzito wake na yaweza kupasuka mkononi.

Tena kumbuka ya kuwa nyundo iliyo salama zaidi haikuondolei haja ya miwani ya kazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri awape wafanyakazi wake vya kujikinga. Wewe unayefanya kazi uani kwako huna mwajiri wa kukukumbusha, basi jikumbushe mwenyewe. Wakati wo wote usigonge nyundo ya chuma juu ya nyundo nyingine ya chuma, wala juu ya beringi, kwa maana vyote viwili vimekaushwa vikawa vigumu, na vyuma vigumu vikikutana kimoja humeguka. Na watoto wanaopenda kutazama kazi wasimame mbali.

Nilipokwenda tena kwa kaka yangu nilichukua nyundo ya ratili mbili, kipande cha bomba, na miwani miwili. Tuliitoa beringi iliyokuwa ikinguruma, tukaitia mpya. Kazi ilichukua muda wa kunywa chai. Kaka aliiangalia nyundo ile kwa shaka, akasema haina kishindo. Nikamwambia kishindo ndicho kilichotugharimu mara ya kwanza. Mashine inakata majani mpaka leo, na nyundo imebaki kwake, imetundikwa nyuma ya mlango wa ghala.

Basi, mchagua jembe si mkulima, ni kweli. Lakini kuitikisa nyundo na kuiangusha mara moja dukani hakuchukui hata dakika tano. Dakika hizo si za uvivu. Ni za kulinda fedha zako, mashine yako, na macho yako mawili.